Walii Hakufika

Buyenzi, 12 Februari 2024

Mdogo wangu Hayat,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Shakuru, na hewa ya Rumonge iwe imekupokea vizuri. Sisi hatujambo, ila mi uso wangu sina pa kuuweka.

Telefoni yangu huipokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii. Baba hayupo duniani; mimi ndiye niliyepaswa kuwa walii wako, nishike mkono wa bwana harusi, nikuoze. Niliondoka asubuhi kwenda kuchukua kanzu yangu kwa dobi, mtaa wa Nyakabiga. Njiani nikamkuta jirani yetu Jordan, gari lake limegoma. Nikasema nitazame waya mmoja tu. Wallahi, Hayat, niliinama kwenye ile injini, dunia nyingine yote ikazimika. Nilipoinua kichwa, muadhini alikuwa anaadhini alasiri na mikono yangu imejaa grisi. Nikahi yako ilikuwa baada ya adhuhuri.

Nilikimbia kwa miguu. Nilikuta watu wanakula pilau, baba mdogo amekwisha kukuoza. Hakuna aliyenitukana. Waliniangalia, kisha wakaangalia sahani zao.

Nisamehe.

Kaka yako, Atumani


Buyenzi, 20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Idi imepita bila sauti yako. Afya zenu? Wifi yako Mwanvua anakusalimu.

Ni yeye aliyenipeleka kwa dokta, mtaa wa Mutanga Sud. Nilibandika sufuria motoni nikaenda zangu msikitini. Moto ulishika pazia, majirani wakauzima. Dokta aliniuliza habari za utoto, za shule, za kazi nilizofukuzwa. Akasema hali hii ina jina, kwa Kifaransa wanaiita TDAH. Ni kichwa unachozaliwa nacho: hakishiki jambo ulilolikusudia, kinang'ang'ania lililo mbele ya macho. "Si uvivu," akasema, "wala si ujinga." Nililia mbele yake kama mutoto.

Sijui kama nifurahi au niongeze aibu. Nimeona nikuambie.

Kaka yako, Atumani


Rumonge, 3 Mei 2024

Kaka Atumani,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Barua zako zimefika. Maneno ya dokta siyakatai. Lakini siku ile nilikaa chumbani na hina yangu, nawasikia mawifi wakiulizana mlangoni, "Kaka yake yuko wapi? Au haitaki ndoa?" Mama mkwe mpaka leo anaamini ulitudharau kwa kuwa wao ni watu wa kuuza mawese. Sasa nimwendee na neno la Kifaransa?

Usiniandikie kwanza.

Mdogo wako, Hayat


Rumonge, 14 Januari 2025

Kaka,

Assalaam alaikum. Hamjambo huko? Kifua cha wifi kimepoa?

Nimejifungua mtoto wa kiume. Mwanvua huwa ananisimulia kwa telefoni: unavyojiandikia kazi za siku mkononi kwa kalamu, kengele za telefoni zinavyolia mfukoni, na mafundi wenzako wa gereji wanavyocheka mpaka unaficha mkono. Niliposikia hilo la kuficha mkono, nilizitoa barua zako nikazisoma upya.

Akika ni Alhamisi, tarehe 23. Nataka mjomba wake ndiye amtaje jina mbele ya watu. Mama mkwe atakuwepo.

Hayat


Buyenzi, 17 Januari 2025

Mdogo wangu,

Waalaikum salaam, na hongera sana. Allah amkuze. Mwanvua amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Lakini mi apana, Hayat. Kengele zinalia, nazizima, nasahau kwa nini zililia. Juzi tu nilimwacha Mwanvua kwenye maegesho ya mabasi na mizigo yake, mvua ikamnyeshea. Sitaki mwanao aanze maisha kwa kunisubiri. Mpe baba mdogo heshima hiyo.

Kaka yako


Rumonge, 19 Januari 2025

Kaka, shikamoo.

Sikukuuliza kama unaweza. Njoo.

Hayat


Buyenzi, 27 Januari 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Nimefika salama. Mutoto amelala vizuri? Mgongo wako je?

Ile Alhamisi nilipoingia uani kwenu sikuona turubai, sikuona sufuria, wala mbuzi. Ulikuwa unafagia. Ukasema ukiangalia chini, "Akika ni Jumamosi, kaka." Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mutu mzima, mwenye mke, anadanganywa siku kama mutoto! Nilishika mfuko wangu nirudi kwenye basi.

Ndipo mama mkwe wako akatoka. "Wewe ndiye uliyeikataa ndoa yetu?"

"Apana, mama. Nilikuwa natengeneza gari."

"Gari la nani?"

"La jirani."

Akaitazama mikono yangu. "Na liliwaka?"

"Liliwaka, mama."

Akaguna, akaenda kunikaangia samaki. Hukuyasikia hayo, ulikuwa umeingia ndani kunyonyesha.

Jumamosi nilipolitaja jina la baba yetu sikioni mwa mwanao, niliogopa kumwangusha. Uliona. Ukasogea karibu yangu.

Hayat, kudanganywa kule kunaniuma hata sasa ninapoandika. Lakini tohara ya mutoto ikifika, nidanganye tena.

Kaka yako, Atumani