Kopo la Baruti la Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nikisema nitamvunja mzee moyo na nikinyamaza naweza kumzika mtoto. Nimeolewa huku Montana kwenye ranchi, na baba mkwe wangu Arvid ndiye anayetujazia risasi sisi sote na nusu ya majirani, za dukani hataki hata kuziona, anachukua maganda yaliyokwishapigwa anayasafisha, anaweka fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti punje kwa punje, anakaza kichwa cha risasi, kisha anakwenda kuzijaribu kwenye karatasi ya shabaha, anaongeza kidogo, anapunguza kidogo, mpaka matundu matatu yanagusana, ukiyafunika kwa kifungo cha shati hayaonekani, na tangu mama mkwe afariki karakana hiyo ndiyo inayomtoa kitandani.

Sasa mwezi uliopita mume wangu Dwight alikuwa anajaribu bunduki yake ya kuwindia kulungu, risasi ikalipuka vibaya, komeo la bunduki likagoma kufunguka na moto ukamrudia usoni, miwani ndiyo iliyomwokoa macho, mzee akasema, "Ganda lilikuwa limechoka," na Dwight akaitikia, "Ndiyo baba, ganda," tukala, yakaisha. Lakini Jumapili nilimpelekea mzee kahawa nikamkuta, mikono inamtetemeka, anamimina baruti iliyobaki, ile ya bunduki ndogo ya kupigia mbweha, inayowaka haraka na kuweza kuipasua bunduki kubwa, anairudisha kwenye kopo la baruti ya bunduki kubwa, nikamuuliza, "Baba, hilo ndilo kopo lake?" akacheka, "Mama Signe, wewe kaangalie pai yako isiungue." Signe ni binti yetu, anaenda kuwinda kwa mara ya kwanza msimu ukifunguliwa Jumamosi ijayo, na risasi alizojaziwa na babu yake zimetoka kopo hilohilo, ziko mkobani mwake. Nimemwambia Dwight, akanijibu, "Ukimnyang'anya baba ile mizani, umemzika kando ya mama." Nifanye nini?

Mama Signe

Mama Signe,

Barua yako sikuthubutu kuisubirisha gazeti, nilikupigia simu palepale. Haya mengine nayaandika kwa ruhusa yako, maana wazee wenye karakana ni wengi nchi hii.

Nakuonea huruma, na mumeo pia. Mtu aliyefiwa na mama yake hataki kumpoteza baba akiwa bado hai. Lakini nilikugombeza na nitarudia. Kumwona mtu akichanganya baruti mbili, kisha ukarudi jikoni kwa sababu amekutania, hiyo si heshima. Ungemtunzia moyo gani siku Signe analetwa amefunikwa blanketi?

Nilikwambia uzitoe zile risasi mkobani, uende nazo karakanani, umwambie mzee mwenyewe, peke yenu, bila kuzunguka. Ukaenda. Ulinisimulia alivyolitazama lile kopo, kisha akauliza, "Umekaa na jambo hili tangu Jumapili?" Ukasema ndiyo. "Ningemuua mjukuu wangu, nanyi bado mngeniita baba." Halafu akalichukua kopo kwa mikono yake, akaenda kuimwaga baruti yote uwanjani, akamwita Dwight kutoka zizini. "Halikuwa ganda," akamwambia. "Nilikuwa mimi."

Sasa sikiliza, nawe Dwight usomewe. Kila risasi iliyotoka kwenye kopo lile irudishwe, na majirani wapigiwe simu leo. Mezani likae kopo moja tu, na kinachobaki kirudi humo kabla jingine halijafunguliwa. Baruti yenye shaka haitunzwi. Mizani kaa nayo wewe, Mama Signe, mzee akae pembeni yako. Mikono imemchoka, lakini kuisoma karatasi ya shabaha na kujua risasi inataka nini, hilo bado analo, na anayejua ni yeye tu. Mwache akufundishe. Mpelekeni pia kwa daktari, maana kutetemeka na kusahau vina sababu zake.

Na Jumamosi Signe aende na risasi za dukani, hata kama matundu yake yatatawanyika. Akimkosa kulungu, atarudi nyumbani.