Mbele ya Farasi

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inayonichosha. Na farasi wako Bibi Harusi anaendeleaje? Bado hatoki bandani mpaka abembelezwe?

Nina habari. Mwaka mzima hapa karakana nimekuwa nikinyoosha mistari ya michoro ya wenzangu: bodi za malori ya mikate, bodi za malori ya maji. Juzi Fundi Mkuu kanipa kazi yangu mwenyewe, lori la kubebea farasi. Kanipa kwa sababu nilimwambia nimelelewa na mjomba mtunza farasi, na chumba chetu na banda vilikuwa vinatumia ukuta mmoja.

Ninayo michoro miwili na nimeshindwa kuchagua. Wa kwanza ni kama lori lenu la zamani: farasi wanapanda kwa nyuma, wanasimama wakitazama anakokwenda dereva. Ni rahisi kuutengeneza na kila mtu ameuzoea. Wa pili, ubao wa kupandia uko ubavuni. Farasi akishapanda anageuzwa, anasimama kampa dereva mgongo, anatazama barabara anayoiacha. Wanasema hivyo hachoki sana, na breki ikifungwa ghafla hagongi kichwa. Ila wanaosema hivyo hawajawahi kumpandisha farasi mkaidi huku mvua inanyesha. Wewe umempandisha. Niambie kila unachokitaka humo ndani, nitakiweka.

Mpwa wako,
Rula

17 Februari

Rula, mpwa wangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha kila asubuhi kwamba lipo. Mengine salama. Kila mara unaniuliza kwa nini sipokei simu. Simu inanikatiza maneno, tena wewe unaongea kama unafukuzwa. Barua naisoma kwa raha zangu, nairudia mara tatu, halafu namsomea Bibi Harusi.

Hilo swali lako limeninyima raha wiki nzima, mpaka nikamwendea Dereva wa hapa bandani na ile pikapu yake. Nikapanda nyuma, nikasimama bila kushika kitu, nikatazama mbele kama farasi wa zamani. Nikamwambia aende kidogo kisha afunge breki. Nikapiga magoti kama mtu anayeomba radhi. Mara ya pili nikampa mgongo, akafunga breki, nikakalia matako yangu mwenyewe, basi. Farasi naye nguvu zake ziko nyuma. Chukua mchoro wa pili. Watu wa banda wote walitoka kunitazama, na mwenye banda ameniuliza kama nina homa.

Sasa shika kalamu. Ubao wa kupandia uwe mrefu usiwe na mwinuko mkali, la sivyo Bibi Harusi hatapanda hata umletee ngoma. Sakafuni weka mpira, bati linapiga kelele chini ya kwato na kelele inamtia wazimu. Kizuizi cha katikati kisifike chini kabisa, farasi lazima atanue miguu kwenye kona. Kamba ya kichwani usiifunge kwenye chuma moja kwa moja. Weka uzi mwembamba katikati, akianguka ukatike uzi, isivunjike shingo.

Na la mwisho ndilo la kwanza: mlango wa mtu. Mlango mdogo wa kuingilia na kutokea mimi, si farasi. Unakumbuka nilivyorudi nyumbani mbavu mbili zimevunjika, wewe ukiwa darasa la tatu? Lori lile halikuwa na mlango huo. Farasi alishtuka akanibana ukutani, sina pa kutokea. Kwa hiyo mlango wa mtu uwe mbele. Mbele kabisa. Wakikukatalia kila kitu, hilo usikubali.

Michoro yenyewe usinitumie, mimi na mistari hatuelewani. Niambie kwa maneno.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. U hali gani, na goti? Mimi nimekonda kidogo lakini nina furaha.

Uliyoyataka yote yamo. Fundi Mkuu alicheka kusikia habari ya pikapu, halafu akaacha kucheka, akasema twende na mchoro wa pili. Ubao tumeurefusha. Mpira upo. Uzi wa kamba upo, ingawa aliniuliza kama namtania.

Mlango wa mtu ndio uliotugombanisha. Anasema ukitoboa ukuta wa mbele unaupunguzia nguvu. Nimebishana naye siku nne. Mwisho nikamwambia habari ya mbavu zako, akasema haya, weka. Upo, Mjomba. Mbele kabisa, kama ulivyosema.

Lori likikamilika litaletwa kwenu kwa majaribio, maana nimesema hakuna mtu mwingine wa kulipima.

Mpwa wako,
Rula

28 Machi

Rula,

Marahaba mama. Barua yako nimeitembeza banda zima, sasa imechakaa kama noti ya sokoni. Hata anayeleta majani ameisoma. Mwenye banda anasema mpwa wangu ni injinia. Sikumsahihisha.

Nimenunua shati la siku hiyo. Njoo na wewe. Nataka unione nikiingia kwa mlango wangu. Marehemu mama yako aliponiachia wewe ulikuwa na rula ya mbao mkononi, ukapima kitanda changu, ukaniambia hatutatosha. Tulitosha. Rula yenyewe ninayo bado, iko juu ya kabati.

Mjomba wako

22 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utanuna. Sitaweza kuja. Fundi Mkuu anamtuma mkaguzi na fomu yake, mimi nabaki kumalizia michoro ya malori mengine, maana wateja wameshaagiza kumi kama hilo.

Nikueleze ukweli ili ujue. Mpaka sasa mimi ni wa muda hapa. Fomu ya mkaguzi ikirudi safi, napata ajira ya kudumu. Ikirudi na kasoro, wapo watatu wanaoingojea meza yangu. Sikuambii ili uwe na wasiwasi. Nakuambia ili siku hiyo umbembeleze Bibi Harusi kuliko siku zote.

Mpwa wako,
Rula

11 Mei

Rula, mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na shati lilinikaa vizuri, asante.

Lori lilikuja juzi, jana tukalijaribu. Bibi Harusi aliutazama ubao, akanusa ule mpira, akapanda. Hakubembelezwa. Nimemtunza miaka kumi na moja sijawahi kuona. Tulizunguka barabara ya milimani na kurudi, Dereva akafunga breki za makusudi mara tano, na farasi alishuka mkavu, hana hata jasho shingoni. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Mkaguzi ameandika kila mahali kwamba ni sawa. Fomu ni safi, usiwe na hofu.

Sasa kuna jambo, nalo ni kati yangu na wewe. Nilipoufungua mlango wa mtu nilikutana na mkia. Mlango uko nyuma ya kiti cha dereva, Rula. Uko mbele ya gari. Mimi nilisema mbele. Kwetu sisi mbele ni kichwani kwa farasi, popote kichwa kilipo. Kwenye lori la zamani vilikuwa kitu kimoja, mbele ya gari na mbele ya farasi. Katika lori hili wewe umemgeuza farasi, na mbele imegeuka naye. Mimi nilikuwa naongea farasi, wewe ukasikia gari. Nimecheka, kisha nikaacha. Mtu akiingia kwa mlango huo anaingia kwenye miguu ya nyuma ya farasi, na hiyo miguu ndiyo inayoua.

Mkaguzi aliniuliza mlango unafaa? Nikamwambia unafunguka vizuri. Sikusema uongo. Unafunguka vizuri sana.

Haya, chukua rula yako uuhamishe, polepole, bila aibu. Kosa ni letu wawili.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui hata niulize vipi hali yako. Barua yako nimeisoma nikiwa chooni ili wasinione.

Nimeona kosa langu. Ningekutumia mchoro ungeliona kwa dakika moja, hata kama hupendi mistari. Ningeuliza neno moja tu: mbele ya nini?

Nitamwambia Fundi Mkuu. Lakini nakuomba unipe muda. Barua ya ajira ilikuwa itiwe sahihi tarehe kumi na tano, sasa wamesema mwisho wa Juni. Nikisema leo, fomu itafunguliwa upya. Malori mengine bado hayajatobolewa ukuta, hakuna atakayeumia. Limebaki hilo lenu moja. Tafadhali Mjomba, mlango huo usiutumie. Ufunge kwa waya kabisa.

Mpwa wako,
Rula

12 Juni

Rula,

Marahaba. Mimi mzima, goti lilelile.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka nani alimjibu mkaguzi, hasira ikaisha. Mlango nimeufunga kwa waya, nimeuzungusha mara sita. Nimewaambia wote bandani kwamba hapo hapaingiliwi, na ikibidi mtu aingie basi ni mimi, maana Bibi Harusi ananijua hata kwa harufu.

Nimekupa muda. Ila usikawie, mwanangu.

Mjomba wako

4 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Leo nakuuliza hali kwa moyo mweupe.

Barua ya ajira nilitia sahihi tarehe mosi. Siku mbili nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha leo asubuhi nikaingia kwa Fundi Mkuu nikamwambia yote. Alikasirika, akanitaka nieleze, nikasimama katikati ya ofisi nikawa farasi, yeye akawa dereva. Akaelewa. Kasema malori yote mlango utawekwa kichwani, na la kwenu mafundi watakuja kulikata wiki ijayo. Hajanifukuza. Mjomba, hajanifukuza. Ningeweza kumwambia siku ileile.

Nimeomba ruhusa. Nakuja pamoja na mafundi. Ule mlango nataka nikuone ukiingia.

Mpwa wako,
Rula

19 Julai

Mjomba,

Nimejaribu mara tatu kuandika u hali gani, mkono umekataa. Salamu nimeziruka, utanisamehe.

Nakuandikia nikiwa mezani kwako. Barua yangu ya tarehe nne nimeikuta hapa haijafunguliwa. Niliipeleka posta mchana, na jioni Dereva akanipigia simu. Walikuwa wamehangaika siku nzima kumtafuta ndugu yako, mpaka wakaiona namba yangu kwenye bahasha za barua nilizokuandikia.

Amenisimulia mwenyewe, mkono wake ukiwa umefungwa bandeji. Tarehe tatu mchana mlikuwa mnarudi kutoka kwa daktari wa mifugo. Ukingo wa barabara ulio upande wa kilima ukamomonyoka, lori likakiegemea kwa ubavu, ubavu uleule wenye ubao wa kupandia. Ubao haukufunguka. Bibi Harusi alikuwa ameanguka ndani, mguu wake umepita chini ya kizuizi, anapiga kelele. Dereva akakuambia subiri, watu wanakuja na vyuma. Wewe ukasema, "Akisubiri atavunjika. Ananijua." Ukaanza kuufungua ule waya. Dereva anasema ulichukua muda mrefu, maana uliuzungusha mara sita. Ukaingia ukimwita kwa jina. Kizuizi ukakiondoa, mguu ukatoka. Alipoinuka alirusha teke moja. Hakujua ni wewe. Ulikuwa nyuma yake.

Ulinipa muda, Mjomba, na mimi niliutumia wote. Watu wanakuja kunipa pole ya msiba, wananiambia ni ajali. Nawaitikia. Ni wewe peke yako ambaye ningekuambia si ajali, na ni wewe peke yako ambaye ungenibishia.

Uzi wa kamba ulikatika kama ulivyotaka. Bibi Harusi ni mzima, hana hata mchubuko. Hatoki bandani. Nimembembeleza asubuhi na jioni, nimemvalia hata shati lako.

Mafundi walifika jana. Nilitoka nao kwenda kuwaonyesha pa kukata, nimeshika mchoro mkononi, lori limeegeshwa nyuma ya banda. Tukazunguka mpaka upande wa vichwa. Kulikuwa kumeshachorwa. Kwa chaki, mistari minne imenyooka, urefu wako kamili na upana wa mabega yako, na chini yake kwa mwandiko wako: HUKU NDIKO MBELE. Rula yangu ya mbao ilikuwa imefungwa kwa waya hapohapo kwenye bampa. Wewe, ambaye na mistari hamkuelewana.

Fundi mmoja alitandaza mchoro wangu juu ya mchoro wako, akapima, akasema vipimo vinalingana. Akaniuliza aanze. Nikamwambia asubiri kidogo, nikaweka mkono juu ya chaki. Kisha nikamwambia akate.

Mpwa wako,
Rula