Wapangaji Mbele ya Kanisa

S.L.P. 62,
Nkubu, Meru.
16 Februari 2026.

Mpendwa kaka Mbaabu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya huko Kanada imepunguza makali? Na kile kikohozi je? Sisi tu wazima. Goti la Mama limetulia, maharagwe tumevuna, na mtoto wangu Oscar ameota meno mawili, anauma kila kitu hata mimi.

Sasa kaa chini, kaka.

Unakumbuka uliniambia kwa simu nitafute mtu mwaminifu aingie kwenye ile nyumba yako ya Meru mjini, isikae bure? Nilimpata mwalimu Rwamba wa Ishiara, aliyehamishiwa shule ya huku, na mkewe Wamuyu. Watu safi kabisa. Wamepanda sukuma wiki pale nyuma, ulipokuwa ukifuga magugu.

Basi Jumapili ya shukrani Mama alibeba mkungu wa ndizi, akawaita Rwamba na Wamuyu mbele ya kanisa zima, akashika maikrofoni. Unamjua mama yako akishika maikrofoni. "Namshukuru Mungu! Benki ilimkopesha mwanangu Mbaabu nyumba, na sasa imepata wapangaji. Hawa hapa, muwaone!" Vigelegele vikapigwa. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kumbe kwenye kwaya, mstari wa mbele, amesimama Angeline, yule wa ofisi ya mikopo ya benki yako!

Baada ya ibada alinivuta kando, karibu na tangi la maji. Hakuwa na ubaya wowote.

"Gatwiri, hao ni wapangaji kweli? Na Mbaabu aliomba benki ruhusa? Hiyo loan alipewa ya nyumba ya kuishi mwenyewe. Akipangisha bila ruhusa amevunja mkataba. Benki inaweza kudai mkopo wote mara moja, akishindwa nyumba iuzwe. Hata ikishika moto, bima inaweza kukataa kulipa."

Nilitaka kusema Mama alikuwa anatania, lakini mkungu ulikuwa bado uko pale mbele ya madhabahu.

Kaka, ulitia sahihi kitu gani? Ulikisoma kweli? Nimekukasirikia na sikufichi. Mimi ndiye niliyempa Rwamba funguo kwa mkono wangu huu, na Wamuyu ana mimba kubwa. Nikimwona sokoni Gakoromone nageuza njia. Mama naye chakula hakipiti. Anaamini ni mdomo wake utakaofanya nyumba yako iuzwe.

Leo asubuhi tulienda benki, mimi na yeye, amevaa kitambaa chake cha Jumapili. Angeline alitupokea vizuri. Anasema ruhusa hutolewa, pengine riba ipande kidogo, mradi uombe mwenyewe kwa maandishi kabla mwezi huu haujaisha. Ueleze kwa nini huishi pale, nani anaishi pale, na utarudi lini kuishi mwenyewe.

Maswali mawili ya kwanza Mama aliyajibu pale pale, bila hata kuvuta pumzi. Lilipofika la tatu, aligeuka akatazama dirishani. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani. Miaka sita sasa, kaka, na hakuna yeyote hapa nyumbani aliyewahi kuthubutu kukuuliza.

Tafadhali andika wiki hii hii. Usiache watu wa Ishiara watolewe nje kwa sababu yetu, na mtoto yuko njiani.

Shangazi Makandi anakusalimu, na mjomba Thuranira anasema ng'ombe uliyemwachia amezaa tena. Mungu akufunike huko uliko, akuongoze mkono ukiandika.

Mama ana ombi moja tu. Barua utakayoiandikia benki, anataka nakala yake. Hata kama benki itakataa.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Gatwiri