Nilisema, Ifute

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Daftari langu, salaam na heshima. Natumaini u mzima humo kabatini, ingawa mende wamekuonja pembeni. Uniwie radhi kwa ukimya wa mwaka mzima na zaidi. Haikuwa dharau. Nilihamia kwenye kompyuta. Leo kompyuta imegoma, ndipo nimekukumbuka. Si uungwana, nakiri.

Mambo yenyewe ni haya. Ijumaa niliipeleka Kirumba kwa fundi Precious, binti wa marehemu Mwalimu Okech, kwa kuwa ilikuwa nzito mno kufunguka. Akanishauri itoke diski ya zamani, iingie mpya. Jumamosi nikaichukua. Leo nimeiwasha — kioo cheusi! Mstari mmoja tu wa Kiingereza, kwamba haioni diski. Nimeizima na kuiwasha mara tisa.

Ndani yake imo rejista ya ubatizo ya parokia yetu ya zamani kule Misungwi, 1931 hadi 1958. Majina 3,816. Mchwa walikuwa wakikila kitabu, Padre Alexander akaniomba nikinakili. Miaka miwili nimechapa kwa vidole viwili. Kitabu chenyewe sasa ni vumbi. Jumapili hii ni jubilei, majina yatasomwa.

Na wakati wa Kwaresima Padre aliniuliza kama nakala zipo mbili. Nikamjibu: zipo, Padre. Ilikuwapo moja. Nilikusudia kutengeneza ya pili wiki ileile —

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia Precious. Shikamoo mzee, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia, hesabu mpaka thelathini, usiachie. Nilipofika ishirini na mbili jirani Queen akaingia na shikamoo yake. Ningewezaje kutoitikia? Marahaba. Hesabu ikapotea. Nikaanza upya.

Kioo kilekile.

Jumatano, 9 Oktoba

Kirumba, asubuhi. Precious akafungua skrubu, akachungulia.

"Mzee, umeiangusha?"

Nikakiri iliteleza nikishuka kwenye bajaji. Diski ilikuwa imecheza kidogo mahali pake. Akaibana — ikawaka! Nilipiga makofi. Muuza sangara aliyesimama mlangoni akasema, mzee anashangilia kama kapata mapacha!

Kisha nikatazama. Tupu. Safi kama sahani ya harusi.

"Majina yangu yako wapi, mwanangu?"

"Majina gani, mzee? Hii ni mpya. Vitu vyako vilikuwa kwenye ile ya zamani. Si nilikuuliza niifute, ukasema ifute, tena ifute vizuri?"

Nilidhani vumbi! Alikuwa na kitambaa mkononi!

"Na ukaniambia niichukue, huna kazi nayo."

Nilisema hivyo pia. Nilifikiri ni adabu, kumwachia fundi kifaa kilichochakaa. Sikujua kwamba kazi ya mtu hukaa ndani ya kile kidude. Nilifikiri hukaa ndani ya kompyuta, basi.

Diski iko Nyakato, kwenye ghala la mafuta ya kula la Bwana Ngosha. Precious aliifunga kwenye mtambo wa kamera zake za ulinzi Jumatatu. Akanieleza taratibu: kilichofutwa hakipotei papo hapo, hupotea kinapoandikiwa juu. Na kamera zinaandika mchana na usiku.

"Kwa hiyo kila lori likiingia, mzee..."

Akaanza kurudisha skrubu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nyakato, mimi na Precious. Bwana Ngosha yuko Kahama, simu imezimwa. Mlinzi akasema kwa heshima zote, mzee, nikizima kamera kibarua changu kinaota nyasi. Ana haki.

Tukasimama langoni. Malori matatu yakaingia. Madereva wakanisalimu, nikaitikia. Moyoni: hili limeondoka na akina Yohana. Hili na akina Maria.

Sikula.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bwana Ngosha amerudi. Katoa diski bila neno, Mungu ambariki. Precious ameiunganisha na programu ya kufukua. Mpaka kesho, asema.

Pale Kirumba habari zimeenea. Yule wa sangara: "Precious, umewafuta Wakristo elfu nne kwa mkupuo! Hata shetani hajafika huko!" Watu wakacheka. Precious naye akacheka, macho chini. Nami nilikuwa nimekaa palepale, kofia magotini. Sikusema kitu. Ningeweza kusema.

Marehemu mke wangu asingeninyamazia hilo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemwandikia Padre barua. Ya kwanza ilisema, "fundi aliifuta kwa bahati mbaya." Kila neno ni kweli, na barua nzima ni uongo. Nimeichana.

Saa sita Precious kapiga simu. Asilimia kumi na tisa. Mengine yanatoka mazima, mengine nusu: Paulo, mwana wa — kisha alama tupu. "Mzee, usimwandikie Padre bado! Labda yatapatikana yote, wala asijue."

Asijue. Nimelizunguka neno hilo chumba kizima. Nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga.

Nimeandika upya: Baba, nilikuambia zipo nakala mbili, ilikuwapo moja. Fundi aliniuliza kama aifute diski. Nilisema, ifute. Binti huyo hana kosa lolote. Naomba radhi yako, na ya wale ambao kesho hawatatajwa.

Barua itachukuliwa na Mama Maige, anayeshusha dagaa Misungwi leo. Yuko sebuleni, chai amemaliza, anasema basi la saa nane halimngoji mtu. Ni mwema, ila akijua jambo, sokoni wanalijua kabla ya jua kuzama. Bahasha ninayo. Lakini misheni tulifundishwa kwamba barua ya mkono haifungwi. Kuifunga ni kumshuku mchukuaji. Nimeilamba gundi kidogo tu, nikasita. Ananiita. Na simu nayo inaita, ni Precious —

Ngoja kwanza nimpe Mama Maige barua ya Padre. Ikiwa wazi.