Zafarani Kwenye Sharubu za Mzee Bakari

Sista Somoe,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike Kilwa hakuna mtu chumba cha kamera, humu tunamopitisha mrija kooni kutazama mapafu, anayeniuliza hata nimeamkaje.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Kinyaa cha daktari wetu mpya, cha fomu zake, na zaidi cha nafsi yangu.

Kiti chako cha kichwani pa mgonjwa wamekitoa, kinashikilia mlango wa stoo usijifunge. Siku hizi hakuna wa kukaa pale akamweleza mtu kwamba ganzi itamfanya ahisi koo limevimba na halijavimba, kwamba ainue mkono akiona taabu, na kwamba kuna mtu atamshikilia kidevu ili pumzi ipite mpaka mrija utoke. Wewe ulimwambia kila mmoja, hata foleni ikifika getini. Sasa wanapuliziwa dawa kooni, wanachomwa sindano ya usingizi, basi.

Wiki iliyopita alikuja Mzee Bakari wa Kiswere, anakohoa damu miezi mitatu. Daktari akasoma kwenye fomu: "Umekula?" Mzee akajibu hajala tangu jana. Na kweli hakula. Lakini mimi niliona njano kwenye sharubu zake, na nilipomwinamia ananukia marashi. Ilikuwa zafarani. Walikuwa wamemnywesha kombe.

Mimi Mkristo wa Mtama, kombe ningelijulia wapi kama si wewe? Ulinieleza kwamba wazee wa huku hawatoki nyumbani kuelekea jambo la kutisha bila kuandikiwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, wakayanywa yote. Ukiwauliza chakula hawatayataja, kwa sababu kwao ile ni dua. "Muulize kama amesomewa," ulisema, "kisha msubirishe saa mbili maji yashuke tumboni, wala usimkunjie uso."

Nilijua, Sista. Nikanyamaza, kwa sababu juzi yake daktari alinikaripia mbele ya wanafunzi kwamba nachelewesha kazi.

Maji ya njano yalimpanda mrija ukiwa bado ndani. Nikamgeuza ubavu, nikamwinua taya kama ulivyonionyesha, nikashika mpira wa mashine ya kunyonya majimaji. Mashine haikuvuta. Hakuna aliyeijaribu asubuhi, hata mimi! Mzee anatafuta hewa, anakoroma, na ile sauti hadi leo naisikia nikiwa nakula. Ilipoletwa mashine ya wodini, mengine yalishaingia mapafuni.

Hajafa. Yuko kwenye oksijeni na homa haishuki. Daktari alitoka koridoni akamfokea mkewe, Bi Zena: "Mnamnywesha mauchafu yenu halafu mnatudanganya!" Mama wa watu akajifunika uso kwa kanga. Na mimi niliyeona kila kitu nikasimama palepale, navua glavu taratibu kama mtu asiye na habari.

Sasa kuna ripoti mezani. Imeandikwa kwamba mgonjwa alificha, na inasubiri sahihi yangu. Na kila asubuhi Bi Zena ananishika mikono yote miwili, ananiombea dua kwa kumwokoa mumewe. "Mungu akulipe, mwanangu." Leo nilikwenda kunawa mpaka viwikoni, nikajiona bado mchafu.

Basi lala pema, Sista wangu. Nisamehe kwa kukuletea uvundo huu huko ulikopumzika. Sahihi yangu hawaipati, nakuahidi. Nimeandika karatasi yangu: niliona, nilijua, sikusema, na mashine haikujaribiwa. Wakinihamisha, wanihamishe. Lakini kesho, kabla sijaipeleka kwa mganga mkuu, nitakaa kwenye mkeka wa Bi Zena pale nje ya wodi nimsomee yote. Na akitaka kuiondoa ile dua anayoniombea, aiondoe nikiwa mbele yake.

Mwanafunzi wako,
Agnesi