Sufuria ya Yaya Elikia

Jeancy, kamata telefone! Yaya Elikia amechoma muntu. Ndiyo, yaya wetu, dada mukubwa wa kanisa!

Unamujua, pale anasukia nywele mutaa wa Kikula, mama akikaa tu, anaanza kumuhubiria. Leo ilikuwa mama moja wa Shituru, Bénédicte. Ilibaki tu kutia ncha za misuko kwenye sufuria ya maji ya moto zisifumuke.

Yaya akamuambia: "Hakuna zambi Yesu anashindwa kusamehe. Sema tu, moyo utapoa."

Bénédicte akalia, akasema. Eti anatembea na bwana ya mwanamuke mwingine. Soudeur, muchomeleaji wa vyuma, iko na kovu kwenye shavu, jina Hénoc.

Hénoc, Jeancy! Bwana ya yaya!

Yaya alikamata ile sufuria, akamumwangia maji yote shingoni. Ngozi ilitoka pamoja na kitambaa, niliona na macho yangu. Kisha akamupiga na ile sufuria, akamupiga tena, akamupiga tena, mpaka bamama bakamushika mikono.

Bénédicte, chini, damu puani, akamuangalia:

"Na weye sema, yaya. Sema tu, moyo utapoa."