Mbuzi za Syombua wa Kwanza

Jumapili jioni, Emali. Joto la kukaanga yai juu ya boneti, na upepo umegoma. Mimi nina furaha mpaka meno yananiuma.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni Syombua, dereva wa lori. Shule niliiacha darasa la saba, lakini nimefika Lubumbashi na kurudi na vioo vyote viwili vya pembeni, jambo ambalo maprofesa wengi hawajaliweza. Ninaishi na Ndanu, muuza ndengu, mke wangu hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo. Nilipofukuzwa kwetu, yeye na akina mama wa soko ndio walionipa godoro, sufuria na matusi ya kila asubuhi. Hiyo ni familia. Wengine huipata kwa damu, mimi niliipata kwa ndengu.

Jana kulikuwa na kikao kwetu Tseikuru. Baba Mdogo Mulwa, mzee wa kanisa, aliuita ukoo ukate shauri kwamba Ndanu asikanyage boma letu kamwe. Na ndani ya boma hilo yuko Susu, nyanya yangu, aliyezeeka hivi kwamba kila kwaheri yaweza kuwa ya mwisho.

Nilitaka Susu amuone Ndanu. Hilo tu.

Niliogopa. Najigamba sana humu, lakini jana nilikosea gia kama mwanafunzi.

Jambo moja ulijue kwanza. Mtu akianza safari, Susu humwambia "kasanati". Hakuna anayejua maana yake. Baba Mdogo husema ni neno la mizimu. Mimi nilidhani ni Kikamba cha kale.

Basi, tukikaribia Tseikuru rejeta ikachemka. Nikamwacha Ndanu garini, nikashuka na mtungi hadi kwenye mto wa mchanga, pale watu huchimba maji. Chamchela ikaja ikizunguka na vumbi lake jekundu. Watoto wa kwetu huitemea mate na kukimbia, maana wazee waliokufa husafiri ndani yake. Mimi nikasimama. Mtu wa Lubumbashi aogope vumbi?

Ikanibeba.

Vumbi lilipotulia, lori hakuna, barabara hakuna. Mtungi upo. Mchangani wameketi wanawake wawili, wamevaa ngozi na shanga. Yule mdogo ameweka mguu kwenye mapaja ya mkubwa, anatolewa mwiba, huku analia.

"Nirudishe kwetu," alisema. "Shemeji zako wananicheka kila nikija kuchota maji. Wanasema mbuzi ulizonioa nazo zimepotea bure, na jina lako utakufa nalo."

Hapo nikaelewa. Zamani, kwetu, mwanamke asiye na mtoto aliweza kutoa mbuzi akaoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Aliyeolewa aliitwa iweto. Watu watasema ndoa hiyo ilikuwa ya kutafuta watoto tu. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo. Nilimwona yule mkubwa akiupulizia ule mguu hata baada ya mwiba kutoka.

Yule mkubwa akaniona. "Wewe mwenye suruali, ni nani?"

"Naitwa Syombua. Nilipewa jina la mama mkwe wa Susu yangu."

Akauachilia ule mguu. Kwetu jina haliokotwi njiani. Ukiitwa Syombua, kuna Syombua aliyekutangulia, akaacha nyumba na watu wa kumkumbuka. Mama aliyeambiwa jina lake litazikwa naye alikuwa akilitazama limesimama mbele yake, limeshika mtungi.

"Kalekye," alimwambia mkewe polepole, "huyu ni mimi. Tumezaa, mpaka nimezaliwa tena."

"Aiya!" Kalekye akaruka, mwiba kasahau. Walicheka, wakanishika mashavu, wakapiga vigelegele mpaka mchanga ukaitika. Mimi machozi tele, nikasema kile ninachomwambia Ndanu kila asubuhi kabla ya kuwasha injini, ili asilegee: "Basi kaza nati!"

"Kasa nati," akarudia Kalekye, kwa ulimi wa kwetu usiojua z.

Lile lile neno la Susu.

Chamchela ikarudi, ikanibeba tena. Nilipofika kwenye lori, Ndanu alikuwa ameshika kiuno. "Ulienda kuchota maji ama kuyazaa?"

Kikaoni, Ndanu akiwa kando yangu, Baba Mdogo alisimama na koti lake la Jumapili. "Mambo kama haya hayajawahi kuonekana katika nyumba hii."

Susu, ambaye masikio yake hufanya kazi akipenda, akakohoa. "Mulwa. Wewe umetoka kwa mbuzi za nani?"

Baba Mdogo akafungua kifungo cha koti.

"Nilipoolewa hapa nilikuta wakwe wawili," akasema Susu. "Syombua, na Kalekye mkewe, aliyemzaa baba yako. Kila asubuhi waliambiana 'kasanati'. Walisema neno hilo waliletewa na mtoto wao mwenye suruali, aliyetoka ndani ya chamchela. Nimemngoja huyo mtoto tangu tulipompa jina."

Watu wote wakaitazama suruali yangu. Ina grisi, lakini niliivaa kama vazi la gavana.

Susu akampapasia Ndanu nafasi kwenye kiti chake. "Keti hapa, mke wa Syombua. Ule."

Ndanu akala. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikimtazama anavyotafuna.

Tukiondoka, Baba Mdogo alikuja akazunguka lori, akapiga tairi teke dogo. Kwa desturi yetu, mimi niliyebeba jina la nyanya yake, yeye ndiye wa kuniita Susu, yaani nyanya. Tangu anifukuze alikuwa akiniita "huyo".

Akamtazama Ndanu, akanitazama mimi.

"Susu," akaniambia, sauti chini. "Kasanati."

Bana, nililia hadi Kyuso na waipa haikunisaidia.

Alfajiri nina mzigo wa Kibwezi. Nati zote nitakaza mwenyewe. Najiuliza tu, huko mbele kuna Syombua gani mwingine, na siku akinitokea na vumbi lake, atanikuta nimeketi na nani?

Anachambua ndengu hapa kando yangu. Amesema niache kuandika, nimsaidie.